Sauti ya Pili ya Nyuki

Majirani walijua kwamba binti wa yule mama fundi cherehani ni mpangaji, ila walidhani analipa kodi mahali. Alipowaeleza kwamba anapanga muziki, kwamba anachukua muziki wa michezo ya video na kuuandika upya ili upigwe na okestra na kuimbwa na kwaya, walitikisa vichwa kwa heshima zote, kisha wakamuuliza kazi yake hasa ni ipi. Hakuwalaumu. Hata mama yake mzazi akiulizwa hujibu kwamba binti "yuko na mambo ya muziki kule ukumbini," halafu anawahi kubadilisha mazungumzo kabla hajaulizwa la pili.

Kazi yenyewe si ya kuchezea, ingawa imetokana na kuchezea. Muziki wa gemu za zamani ulitungwa kwa mashine ambazo hazikuweza kutoa zaidi ya milio mitatu kwa pamoja. Mtunzi alipewa milio yake mitatu, basi, ajitegemee. Mpangaji naye anapewa milio hiyo hiyo mitatu na kuambiwa: haya, hawa hapa wapiga fidla, hawa wa filimbi, wale wa tarumbeta, na kule nyuma kuna kwaya nzima imesimama na mafaili mkononi, mtafutie kila mmoja cha kufanya. Halafu kuna balaa jingine: muziki wa gemu hauna mwisho. Unazunguka tu. Ukifika ukingoni unarudi mwanzo, mpaka mchezaji ashinde au afe. Okestra haiwezi kuzunguka mpaka watu waanze kutafuta viatu vyao chini ya viti, kwa hiyo mpangaji lazima autafutie muziki mahali pa kutua.

Waya alikuwa hodari wa kuutua muziki. Waya si jina alilopewa na wazazi. Wanakwaya walimwita Mwalimu, na mama yake alimwita mwanangu, au wewe, kutegemea siku imeamkaje. Waya ni jina alilopachikwa na kaka yake walipokuwa wadogo, na siku hizi hakuna tena mtu wa kuliita. Tutamwita hivyo hapa kwa sababu moyoni mwake ndivyo anavyojiita mpaka leo.

Jina lilikuja hivi. Mjomba wao aliwaletea mtambo wa gemu uliokuwa umeshachoka, pamoja na mchezo mmoja tu ulioitwa Mbeba Taa. Kijitu kidogo chenye taa kinavuka nchi iliyofurika maji, hadithi yote ndiyo hiyo. Hatua zilikwenda vizuri mpaka kwenye Daraja Refu. Pale mbao za daraja zilikuwa zinaanguka kwa kufuata mdundo wa muziki, na asiyesikia muziki alikuwa hana chake, anaishia majini. Na sauti ndiyo iliyokuwa mbovu. Waya wake ulikuwa umelegea pale unapoingia nyuma ya TV. Ukiushika sauti inakuja, ukiuachia inakufa. Ilibidi mmoja acheze na mwingine ashike. Nani acheze na nani ashike, kwenye nyumba yenye kaka mkubwa na mdogo wake wa kike, sidhani kama kuna haja ya kueleza.

Kwa hiyo alikaa kando ya TV, mkono mmoja umepotelea nyuma yake, mgongo ukutani, macho kwa kaka yake. Kioo hakukiona. Mpaka anakua mtu mzima hakuwahi kuliona Daraja Refu hata kwa bahati mbaya. Alichokiona ni uso wa kaka: nyusi zikipanda ujue ubao umeanguka, ulimi ukitoka pembeni ujue anakaribia katikati, akifumba macho ujue yameisha, wameanza upya. Na huku masikioni muziki unazunguka, unazunguka, na kiganja kinakufa ganzi.

"Waya, usiuachie!"

"Sijauachia!"

"Umeuachia, nimesikia!"

Nyuma yao mama alikuwa kwenye cherehani, amewapa mgongo, anapiga mguu huku akilalamika kwamba hiyo TV itamtoa usaha masikioni. Kaka yeye aliitwa Nyuki, na hilo lilitoka kwa mama mwenyewe. Alikuwa haongei sana lakini pia hanyamazi. Akila anavuma, akioga anavuma, akichapwa atakaa kimya kidogo kwa adabu, kisha anaendelea kuvuma pale pale alipoachia.

Nyuki alipokua aliondoka kwenda kutafuta maisha katika nchi za watu. Mwanzoni alipiga simu, tena mara kwa mara, na mama alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili kana kwamba itamponyoka. Baadaye akawa anapiga mara moja moja. Ikaja namba nyingine, halafu nyingine, na ile ya mwisho ilipopigwa ilipokelewa na mwanamke wasiyemjua, akasema pole sana, namba hii ni yake siku nyingi. Hakuwa amegombana na mtu. Hilo ndilo lililomuuma Waya kuliko yote, maana kungekuwa na ugomvi, angalau kungekuwa na kitu cha kuombea msamaha. Wanaosafiri kutoka huko waliulizwa mpaka wakawa wanakwepa kupita mlango wa nyumba ya mama.

Mlango ule wenyewe ulikuwa na kesi isiyoisha. Ulikuwa na kitasa, na juu yake komeo la chuma ambalo likifungwa kwa ndani hakuna ufunguo utakaofungua.

"Mama, leo nafunga komeo."

"Liache."

"Na wezi je?"

"Mwizi gani mwenye akili zake atabeba cherehani hii? Kaka yako ana ufunguo wake. Ukifunga komeo, ufunguo utamsaidia nini?"

"Mama, amekaa huko siku zote hizi, aje leo bila hata kupiga simu?"

"Mimi nimesema uliache."

Waya aliacha, akamsubiri mama alale, kisha akalifunga. Asubuhi mama akilikuta limefungwa hasemi neno, ila siku hiyo chai haina sukari. Waliishi hivyo, kila mmoja akijua anachofanya mwenzake.

Sasa, ukumbi wa muziki wa pale mjini ulikuwa umepoteza watazamaji. Vijana walikuwa hawaji, na wazee waliokuwa wakija walikuja na kikohozi. Uongozi ukaamua kufanya onyesho la muziki wa gemu. Kiongozi wa okestra, ambaye wapigaji walimwita Fimbo akiwa hayupo, aliwaka. Alisema hakusomea muziki hadi mvi zikamtoka ili aje aongoze milio ya TV. Tiketi zilipokwisha kabla hata matangazo hayajabandikwa yote, akanywea, akaomba kuletewa karatasi za noti aanze kuzisoma.

Waya alipewa nyimbo kadhaa za kupanga. Moja aliiomba mwenyewe, tena kwa kubembeleza, nayo ni Daraja Refu. Onyesho lingerekodiwa na kuwekwa kwenye mtandao, wazi kwa yeyote, na hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Hakumwambia mtu. Alijisemea tu kwamba Nyuki, popote alipo, hawezi kuliona jina la mchezo ule akapita bila kubonyeza. Atausikia, atajua ni kazi ya mkono uliokuwa ukishika waya, na atatafuta simu. Alilitaka hilo kiasi kwamba lilimwamsha usingizini. Kila noti aliyoandika aliiandika kwa mtu mmoja.

Na alipokosea ni hapa. Wimbo wowote mwingine Waya huusikiliza kutoka kwenye gemu yenyewe mpaka auchoke, ndipo ashike kalamu. Huu hakuusikiliza. Angesikiliza nini kitu anacho kichwani tangu utotoni? Aliuandika kama alivyoujua. Mlio mwembamba akawapa filimbi, wa kati akawapa fidla, mdundo wa mbao zinazoanguka akawapa ngoma na besi wa kwaya. Halafu kulikuwa na sauti moja iliyoingia katikati, wimbo ukishapanda. Ilishuka polepole, ikakaa kwenye noti ya chini kama mtu aliyechoka kidogo, kisha ikajikongoja kupanda tena. Hiyo akawapa wanawake wa sauti ya pili, waiimbe kwa kufumba midomo. Kwake yeye wimbo ulikuwa ni hiyo sauti, na vingine vyote ni mapambo.

Siku ya kwanza ya mazoezi, wale wanawake walipovuma, wapigaji wawili watatu walisahau kupiga. Fimbo aliwasimamisha wote, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Huyu mtunzi," alisema, "kuna mtu alikuwa anamkumbuka."

Waya alicheka kwa furaha. Alitembea kwenda nyumbani siku hiyo akisalimia hata asiowajua.

Lakini wenye gemu walikuwa na sharti: wasikilize kwanza rekodi ya mazoezi ndipo watoe kibali. Walisikiliza, na mwanamke wa kampuni akampigia Fimbo. Fimbo akamwita Waya jukwaani, wapigaji wakiwa wameshaondoka, viti vimekaa ovyo ovyo.

"Wameipenda," alisema. "Ila sauti ya pili itoke. Wanasema si yao, umeiongeza wewe."

"Mimi? Sijaongeza hata nukta! Ipo kwenye gemu."

"Wanasema haipo."

"Basi hawaijui gemu yao."

Fimbo hakubishana. Alikuwa ameletewa muziki wenyewe wa gemu, akauwasha kwenye spika kubwa za ukumbi. Milio mitatu ikajaa ukumbi mzima: ule mwembamba, ule wa kati, ule wa mbao. Wimbo ukapanda. Waya akajiandaa kuonyesha kwa kidole, hapa, sikia. Wimbo ukapita, ukafika ukingoni, ukarudi mwanzo.

"Hii wameikata," alisema Waya. "Rudisha."

Fimbo akarudisha. Waya akasogea mpaka kwenye spika, akaweka mkono kwenye waya wake kwa nyuma bila hata kujua amefanya hivyo, akageuka akaangalia mbele. Na aliposimama hivyo, kama alivyokuwa akikaa zamani, akamwona kaka yake. Nyusi, ulimi pembeni. Midomo inafumbwa, koo linacheza. Wimbo ulipofika pale ulipopanda, Nyuki alikuwa akivuma.

Miaka yote ile alidhani vyote vinatoka kwenye TV. Alikuwa katikati, sikio moja kwa mashine na jingine kwa ndugu yake, akavishona viwili vikawa kitu kimoja. Aliachia ule waya, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa na kulia kwa sauti, hakujali Fimbo anamtazama.

Alimpigia yule mwanamke wa kampuni mwenyewe, akamweleza yote. Mwanamke alisikiliza vizuri, tena alikuwa na utu.

"Dada yangu, nimekuelewa," alisema. "Kama sauti ile aliitunga kaka yako, mbona rahisi? Atie saini kwamba ameiruhusu, na sisi tutairuhusu. Mwambie tu atie saini."

Waya alishukuru, akakata simu. Kilichokosekana ni saini ya mtu ambaye wimbo wote ulikuwa umeandikwa ili apatikane.

Alikaa mezani akaifuta sauti ya pili, noti baada ya noti. Mahali pake hakuweka kitu. Aliwaacha fidla wakishikilia noti ndefu chini chini, na kwaya wakiwa wamesimama kimya. Fimbo alipoona karatasi mpya alikunja uso.

"Hapa pana shimo. Weka hata tarumbeta."

"Liache shimo, mzee."

"Watu watadhani tumepotea."

"Waache wadhani."

Fimbo alizikusanya karatasi, akaondoka nazo. Mama hakuambiwa chochote. Waya aliona aibu kumweleza kwamba ameshindwa kumwingiza mwanawe kwenye wimbo wake mwenyewe.

Siku ya onyesho mama alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, akalalamikia ngazi, akalalamikia baridi ya ukumbi, akauliza kama vijana wote hawa hawana kwao. Alikalishwa safu za mbele, Waya pembeni yake. Nyimbo zilipigwa, vijana walipiga makofi na miluzi mpaka Fimbo akaanza kuinama kwa madaha. Kisha likaja Daraja Refu. Filimbi zilipoanza tu, mama akanyooka kwenye kiti.

"Si lile likelele lenu hili?" alinong'ona, kwa mnong'ono wake unaosikika safu tatu nyuma.

"Ndilo, mama."

Ngoma zikaingia, mbao zikaanza kuanguka. Wimbo ukapanda, ukapanda, na Waya akashika kiti kwa mikono miwili kwa sababu alijua kinachokuja. Likaja shimo. Fidla zikashikilia noti yao, kwaya kimya, ukumbi kimya. Waya alifumba macho.

Na pembeni yake, mama akaanza kuvuma.

Hakuvuma kwa kunong'ona. Alivuma kama mtu aliyeko nyumbani kwake mbele ya cherehani, midomo imefumbwa, macho yameelekezwa jukwaani kwa hasira kidogo. Sauti ilishuka polepole, ikakaa kwenye noti ya chini, ikayumba pale pale alipokuwa akiyumba Nyuki, kisha ikajikongoja kupanda. Watu waligeuka. Fimbo hakugeuka. Alishusha mkono wa kushoto taratibu, kiganja chini, na fidla zikapungua mpaka zikawa karibu hazipo, ili mama wa watu apite. Alipomaliza, okestra ikamchukua, wakaenda wote mpaka pale Waya alipokuwa ameutafutia muziki mahali pa kutua.

Kesho yake fundi sauti alimwita Waya kwenye chumba chake chenye mashine na vikombe visivyooshwa.

"Mwalimu, kuna bibi anavuma kwenye Daraja Refu. Amenaswa vibaya sana, yuko karibu na kipaza sauti. Nimfute kabla hatujaweka mtandaoni? Dakika moja tu, haachi hata alama."

"Usimfute."

"Wenye gemu hawatasema?"

Fimbo, aliyekuwa mlangoni akingojea chai, alijibu yeye. "Wao walitaka karatasi zangu ziwe safi, na karatasi zangu ni safi. Watazamaji wakikohoa, napo tuombe kibali?"

Jioni ile, rekodi ikiwa imeshawekwa mtandaoni, Waya aliifungua kwenye simu, akaiegemeza kwenye cherehani, wakaitazama wawili. Mama aliposikia sauti yake alijifunika uso kwa khanga.

"Umenitia aibu. Si ungewaambia waniondoe?"

"Mama, uliijuaje sauti ile? Mimi mpaka juzi nilidhani ni ya gemu."

Mama alimtazama kama anavyomtazama mteja anayeuliza kitambaa kipi ni cha pamba.

"Makelele mengine yalitoka kwenye TV. Ile ilitoka kwa mwanangu. Nilikuwa nimewapa mgongo, si kwamba nilikuwa kiziwi." Akakunja khanga magotini, akaikunjua. "Jana nilisubiri waimbe sehemu yake. Nikasubiri. Nikaona wanamfungia mlango, na mimi nimekaa pale pale. Nisingeweza kumwacha nje."

"Ataisikia, unafikiri?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nimefanya ya kwangu."

Walisikiliza tena. Waya alitazama chini ya picha, mahali ambapo watu huandika maneno yao. Wengi walikuwa wameandika, wakisifu ngoma, wakisifu kwaya, wengine wakimcheka yule bibi. Alisoma yote mpaka la mwisho. Hakuna aliyeandika Waya.

Mama akaaga, akaenda kulala. Waya alikaa kidogo, kisha akainuka kwenda mlangoni kama kawaida yake, akashika komeo. Lilikuwa la baridi. Alisimama hapo mkono ukiwa juu yake, akisikia kwa mbali, chumbani, mama akivuma kabla usingizi haujamchukua. Akalivuta komeo nyuma mpaka lilipogota, akahakikisha kwa kidole kwamba liko wazi, akaenda kulala.